Mzigo Uliorudi Malagarasi

Fikiri, kijana wa shirika lililoleta mashindano ya kuokoa umeme, alikoroga vizibo vya soda ndani ya sufuria, akachomoa viwili, akasoma kwa sauti.

"Nyumba ya Mama Recheli! Na nyumba ya... Mama Godbless!"

Wanawake wa mtaa wa Ng'ambo waliokusanyika mbele ya ofisi ya kata wakapiga vigelegele kama walivyopigia jozi nyingine zote. Julieth, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Godi, akanyanyuka na kumkimbilia Asnath, mama yake Recheli, mikono wazi. "Mwenzangu! Mungu katuweka pamoja, tutawakomesha hawa!"

Asnath alikumbatiwa, na mikono yake ikabaki imening'inia ubavuni. Alikuwa amekuja pale kwa kumridhisha mwenyekiti wa mtaa tu, na alikuwa akitafuta namna ya kuondoka mapema arudi kwenye cherehani yake. Sasa, pua yake ikiwa kwenye bega la Julieth lililonuka samaki, wazo likamjia. Hakulitafuta. Lilikuja lenyewe, likakaa, na yeye akalikaribisha.

"Karibu, Mama Godi," alisema. "Tutawakomesha."

Fikiri akawaonyesha ukuta wa ofisi, ambao mchoraji alikuwa ameujaza njia ya zamani ya misafara, ile ambayo mababu wa Kinyamwezi walipita na pembe na vitambaa mabegani. Ilianzia Tabora, ikapita Usoke, Urambo, Kaliua, Malagarasi na Uvinza, ikaishia Ujiji ziwani. Kila jozi ya nyumba ilikuwa msafara mmoja wenye kipande cha bati kilichokatwa umbo la mzigo. Nyumba haikushindanishwa na jirani yake, bali na matumizi yake yenyewe ya umeme ya mwaka uliopita, kwa hiyo mwenye balbu mbili na mwenye friza walikuwa sawa. Ukipunguza, mzigo unasogea mbele. Ukipitiliza matumizi yako ya zamani, unarudi kituo kizima nyuma.

"Na msikilize vizuri, mama zangu," alisema Fikiri. "Mzigo unabebwa na wawili. Mmoja akitua, wote mmetua. Hata kama mwenzako kaokoa umeme wa Tabora nzima."

Zawadi ilikuwa friza jipya la sola kwa kila nyumba ya msafara utakaoshinda. Julieth aliposikia hivyo alishika kiuno na kufumba macho. Biashara yake ilikuwa samaki, sato walioshuka na magari ya Mwanza, na friza lake kuukuu lilikuwa linakula umeme kama punda aliyefunguliwa kwenye shamba la mtu. Umeme ukikatika, samaki wanaoza. Ukirudi, salio la LUKU linakwisha. Hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko lile friza, na Asnath aliliona hilo usoni mwake waziwazi.

Alikuwa ameusubiri uso huo kwa miaka mingi.

Recheli, binti pekee wa Asnath, aliwahi kuchumbiwa na mwalimu mmoja wa Ipuli aitwaye Tobias. Mahari ilikwisha kupokelewa, kanisani walikwisha kutangazwa, na Asnath alikuwa ameshona kwa mkono wake gauni la binti yake, lenye shanga shingoni. Kisha siku moja wazee wa Ipuli wakaja na nyuso za msibani. Wakasema wamepata habari kwamba binti ana ugonjwa wa kuanguka, na kwamba ukoo wao hauwezi kuingiza kifafa. Hawakusema nani kawaambia. Wakaondoka bila kumaliza chai.

Neno likatembea haraka kuliko wao. Lilifika Gongoni, likafika Ipuli yote, likafika hata Nzega kwa ndugu wa marehemu mumewe. Hakuna aliyekuja tena kuuliza habari za Recheli. Na kabla mvua za mwaka huo hazijaisha, Tobias akamwoa Suzana, mtoto wa dada yake Julieth.

Hata hapo Asnath hakuunganisha mambo. Julieth alikuwa jirani yake tangu ujana wao, ukuta kwa ukuta. Ni Xavery, mdogo wake Tobias, aliyemwambia baadaye sana, msibani, wakiwa wamekaa kando na vikombe vya uji. "Mama, mimi jambo lile huniuma mpaka leo. Mama Godi ndiye aliyekuja kwetu. Alikuja mwenyewe, wala hakuitwa."

Asnath alimshukuru, akamaliza uji wake, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Recheli alikuwa ameshapata kazi ya kufundisha watoto wa chekechea kanisani, ameshatulia katika maisha yake ya upweke, na Asnath hakutaka kumtonesha kidonda. Aliendelea kumsalimia Julieth asubuhi na jioni. Lakini kila alipomsikia akicheka upande wa pili wa ukuta, alishona kwa nguvu mpaka sindano ikakatika.

Sasa wamefungwa mzigo mmoja.

Angeweza kuharibu tangu wiki ya kwanza, lakini hilo lingekuwa jambo dogo. Julieth angekasirika, angekata tamaa, mambo yangeisha. Asnath hakutaka Julieth akose kitu. Alitaka akione, akishike kwa macho, akianze kukipangia mahali pa kukiweka, halafu akikose.

Kwa hiyo alibeba mzigo kama hakuna mpagazi aliyewahi kubeba. Pasi ya umeme akaifungia kabatini, akatoa ile ya mkaa ya mama yake. Cherehani akaiondoa mota, akawa anakanyaga kwa miguu. Maharage alikuwa akiyachemsha kidogo, kisha akaifunga sufuria ndani ya kapu lililojazwa matambara na kuyaacha yajiivie. Recheli alipokuwa akisoma sebuleni, mama yake alizima taa ya jikoni, ya uani na ya chumbani, na wote wawili wakakaa chini ya balbu moja.

"Mama, umekuwa bahili hivi lini?" Recheli aliuliza akicheka.

"Nataka kushinda."

"Wewe? Hata karata hupendi."

"Hii naipenda."

Mzigo wao ukapita Usoke, ukapita Urambo. Wakati misafara mingine ikirudi nyuma kwa sababu ya mume aliyesahau redio au watoto walioshinda mbele ya televisheni, bati la nyumba hizi mbili lilikuwa linakwenda tu. Julieth akawa haondoki kwa Asnath. Aliingia bila kubisha, simu mkononi, akimwonyesha rangi ya kijani ya msafara wao kwenye programu ya Fikiri iliyofuatilia umeme wa kila nyumba. Alikuwa amejifunza kulifungua friza lake mara moja tu kwa siku, akapanga samaki kwa ukubwa ili asipoteze muda kutafuta, akalifunika kwa magunia. Wakakaa pamoja wakichambua mchele, wakaongea habari za ujana wao, jinsi walivyokwenda stesheni kutazama treni ya Kigoma ikiingia ili wawaone tu wasafiri. Julieth alikuwa mcheshi. Siku moja aliigiza namna mzee Yahaya, fundi baiskeli, anavyomfokea mkewe kuhusu balbu ya chooni, na Asnath akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipojifuta alishtuka. Kwa kitambo kile alikuwa amesahau.

Jioni ile alijiuliza kama basi ayaache. Friza angelipata na yeye. Angelimpa Recheli, au angeuza maji baridi. Recheli mwenyewe hakuwahi kulalamika.

Kesho yake Julieth alikuja na kipande cha sato kama zawadi. Akakaa, akateta hili na lile, kisha akainamisha sauti kama mtu mwenye huruma.

"Na Recheli, mwenzangu, ile hali yake? Siku hizi haimsumbui?"

Asnath alikuwa akikata vitunguu. Kisu hakikusimama. "Hali gani?"

"Aa, si ile ya zamani. Maskini. Ndiyo maana kakaa tu hapa nyumbani."

"Hajambo," alisema Asnath. "Asante kwa samaki."

Alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi, akampa paka yule samaki wote, na hakujiuliza tena.

Mzigo ulipofika Uvinza hapakuwa na msafara mwingine karibu. Wa Mzee Yahaya na Bundala, mwenye kinu cha mahindi, ulikuwa bado Malagarasi. Mtaa mzima ulikwisha kuwapa ushindi. Julieth alipigwa picha mbele ya ukuta akiwa ameweka kidole Ujiji.

Hapo Asnath akaanza kumshauri.

"Mama Godi, hilo friza kuukuu unalibakiza la nini? Jipya likija utaliweka wapi?"

"Nilikuwa nafikiria nilihamishie uani."

"Likaliwe na kutu? Na tena ndilo linalotuvuta nyuma. Ukiliondoa sasa, wiki hii ya mwisho utakuwa hutumii umeme kabisa, tunaingia Ujiji tunakimbia. Yupo yule Ngassa wa Igunga, anayeuza soda mnadani. Anatafuta."

Julieth alisita siku nzima. Asnath hakumsukuma tena, alimwacha tu aitazame ile picha yake ya kidole Ujiji. Ngassa alipokuja na gari, Asnath mwenyewe alishika upande mmoja wa friza wakati wa kulipakia, jua la Oktoba likiwachoma visogo, na Julieth alilisindikiza kwa kulipiga kofi la kuaga kama ng'ombe anayeuzwa. Samaki waliobaki akawaweka kwenye madebe ya barafu ya kununua. Na kwa kuwa alikuwa na uhakika, akaagiza Mwanza mzigo mkubwa kuliko aliowahi kuuagiza, ufike siku ile ile ya zawadi.

Asubuhi iliyofuata, Recheli alipokwisha kwenda kazini, Asnath alifungua kabati akatoa pasi ya umeme. Akaichomeka na kuisimamisha mezani. Akawasha jiko la umeme ambalo alikuwa hajaliwasha tangu mashindano yaanze, bila kuweka sufuria juu yake, akalitazama likiwa jekundu. Akatumbukiza hita kwenye ndoo ya maji. Akawasha taa zote, ya chumbani, ya jikoni, ya uani, ya chooni, jua likiwa linawaka nje. Kisha akakaa katikati ya joto lile na kushona, jasho likimtiririka mgongoni, na moyo wake ukiwa mwepesi namna ambayo hakuikumbuka. Maji yalipochemka aliyamwaga, akajaza mengine.

Jioni, kabla Recheli hajarudi, alizima kila kitu na kufungua madirisha. Kesho yake akafanya vilevile. Na kesho yake tena.

Julieth aliingia kama kawaida, bila kubisha. Alikuwa ameshika simu mbele yake.

"Mama Recheli, programu imeharibika, inasema msafara wetu mwekundu, hebu mpigie Fi..."

Joto lilikuwa limempiga usoni. Akatazama balbu, akatazama jiko jekundu lisilo na kitu juu yake, akaisikia ndoo ikitokota. Alizunguka polepole kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Asnath. Umesahau kuzima."

"Sikusahau."

"Tunarudi Malagarasi!"

"Najua. Nimesoma masharti."

Julieth alikimbilia jiko kulizima. Asnath akasema, bila kunyanyuka, "Ukigusa kitu cha nyumba hii nitakukata mkono kwa mkasi huu," na jinsi alivyolisema kwa utulivu ilimfanya Julieth arudishe mkono.

"Nimekukosea nini?"

"Kaa chini."

Julieth akakaa.

"Ulikwenda Ipuli," Asnath alisema. "Hukuitwa. Ulikwenda kwa miguu yako kwa mama yake Tobias, ukawaambia mwanangu ana kifafa. Ukatoka hapo ukampelekea Suzana habari kwamba nafasi iko wazi."

Uso wa Julieth ulipauka. Akasema, "Niliwaambia nilichokiona. Mtoto alikuwa anatetemeka, macho yamepinduka, na wewe ulikuwepo..."

"Alikuwa darasa la tatu. Na nani alimbeba mgongoni hadi hospitali, mimi nikiwa nalia nyuma?"

Julieth alijifuta jasho kwa kiganja.

"Nani alisimama na mimi mbele ya daktari?"

Julieth alikuwa anatazama mikono yake.

"Mzigo wangu wa samaki unatoka Mwanza kesho, na nimeshaulipia," alisema kwa sauti ndogo. "Sina friza, Asnath. Nitawaweka wapi?"

"Waweke Ipuli," alisema Asnath. "Kule wanapokea kila unachowapelekea."

Julieth alitoka akilia kwa sauti, na majirani wakatoka kwenye milango yao. Kabla ya saa ya chakula cha mchana Ng'ambo nzima ilikuwa inajua kwamba Mama Recheli ameuangusha msafara kwa makusudi, na inajua ni kwa ajili gani.

Jambo hilo ndilo Asnath hakulipigia hesabu. Kulikuwa na kina mama vijana mtaani ambao hawakuwahi kusikia habari ya kifafa cha Recheli, wala Tobias, wala Ipuli. Sasa walisikia. Na habari ilivyopita mdomo hadi mdomo ilibaki na neno moja tu. Asubuhi iliyofuata mama mmoja alifika chekechea kumhamisha mtoto wake, akisema hana ubaya, anaogopa tu mwalimu asije akaanguka na chaki mkononi mbele ya watoto.

Recheli alirudi nyumbani mchana. Alisimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Ni kweli uliyoyafanya?"

"Ni kweli."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani mwingine? Yeye ndiye aliyekuharibia, Recheli. Ndiye aliyekwenda..."

"Najua aliyekwenda. Tobias aliniambia mwenyewe, kabla hata hajaoa. Nimejua kabla yako." Recheli aliuweka mkoba chini. "Nilikaa kimya ili wewe usiumie. Na nilikaa kimya ili jambo lile life. Lilikuwa limekufa, Mama. Umelifukua kwa sababu ya friza."

Asnath alitaka kusema kwamba halikufa, kwamba Julieth alikuwa bado analilisha na kulinywesha, kwamba alikaa hapo hapo kwenye kigoda kile na kuuliza. Lakini binti yake alikwisha kuingia chumbani na kufunga mlango. Hasira aliyokuwa nayo Asnath haikupungua. Iligeuka tu ikawa haina pa kwenda.

Siku ya zawadi, Recheli alivaa gauni lake la kanisani na kusema anakwenda. Asnath alimfuata kwa nyuma. Watu walikuwa wengi mbele ya ule ukuta. Mabati ya misafara yote yalikuwa yamesogezwa, na mzigo wao ulikuwa Malagarasi, peke yake. Wa Mzee Yahaya na Bundala ulikuwa Ujiji. Julieth alikuwepo pia. Samaki wake walikuwa wamefika asubuhi, na alikuwa amewagawa kwa bei ya bure mpaka vidole vikavimba kwa barafu, na bado wengi walibaki wakianza kunuka. Alikuja kwa sababu kutokuja kungekuwa kukiri.

Fikiri alipomaliza kukabidhi zawadi aliuliza kama kuna mwenye neno. Recheli akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akapita mbele.

"Shikamooni wazazi," alisema. Wakaitikia marahaba, wengine kwa uchangamfu wa watu wanaonusa ugomvi. "Mimi nina swali moja kwa Mama Godbless. Mama, shikamoo."

Julieth hakuwa na njia. "Marahaba, mwanangu."

"Siku ile nilipokuwa darasa la tatu, ukanibeba mgongoni ukanipeleka hospitali. Nakushukuru, sijawahi kukushukuru. Daktari alisema nina nini?"

Hata mzee Yahaya, ambaye alikuwa analipapasa friza lake jipya, akaacha. Julieth alitazama kulia, akatazama kushoto. Dada yake alikuwepo, mama yake Suzana, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama, watoto wa watu wanahamishwa darasani kwangu. Nisaidie tu. Alisema nini?"

"Malaria," alisema Julieth.

"Hawakusikia kule nyuma."

"Malaria! Alisema malaria imepanda kichwani!"

"Na tangu siku hiyo umeniona nikianguka?"

"Sijakuona." Julieth alikuwa akikaza kitenge kiunoni. "Sijawahi kukuona."

"Asante, Mama," alisema Recheli. Kisha akawageukia watu. "Na hata ningekuwa na kifafa, darasani kwangu kuna mtoto anacho, na anaijua alfabeti kuliko wenzake wote. Kingekuwa ugonjwa wangu, ningeusema mimi." Akarudi akasimama karibu na mama yake, bila kumtazama.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walimfungulia Julieth njia alipoondoka, pana kuliko alivyohitaji, na hakuna aliyemwita jina. Asnath alimtazama akivuka barabara peke yake, kitenge chake kikiwa kimefungwa vibaya, na akalinywa lile tendo lote kama maji. Alijua kwamba yeye, kwa pasi yake na jiko lake, alikuwa amemchukulia mwanamke yule friza. Recheli ndiye aliyemchukulia mtaa.

Njiani Recheli alisema, "Siku nyingine uniulize kwanza."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

Wakaenda hatua kadhaa. "Ila samaki nimesikia wananuka mpaka msikitini," alisema Recheli, na Asnath alipogeuka alimwona anauma mdomo ili asicheke.

Yule mtoto alirudishwa chekechea. Julieth alifunga biashara ya sato, akaanza kuuza dagaa wakavu ambao hawahitaji umeme, na akawa anatokea mlango wa uani ili asipite mbele ya Asnath.

Mvua zilipoanza, mwanamke mzee aliyetembea kwa shida alibisha hodi. Alikuwa mama yake Tobias, wa Ipuli. Alikuwa na kuku jogoo aliyefungwa miguu, na maneno aliyoyaandaa njia nzima: kwamba walidanganywa, kwamba nyumba ya mwanawe haina amani, kwamba wazee wanaomba wakae wayazungumze upya ya Recheli na Tobias.

Asnath alivuta pumzi ya kuanza. Recheli akamgusa mkono. Akampa mgeni kiti, akamsalimu kwa heshima zote, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Kisha akainama, akamwokota jogoo na kumweka taratibu mapajani mwa yule mama, miguu yake ikiwa bado imefungwa.

"Mvua inakuja, Mama," alisema. "Usije ukanyeshewa."